Kikanda cha mawe

Kikanda nimekila tangu sijaota meno yote. Kila Jumamosi mama mkubwa alikipika nyumbani kwake Katuba, hapa Lubumbashi, jioni tunakikata vipande kama keki, pilipili ya kukutoa kamasi. Wazambia wanakiita chikanda. Lakini ungeniuliza kinatoka kwenye mmea gani, ningekujibu: kwenye gunia. Sokoni Kenya, mtaa mwingine wa hapahapa Lubumbashi, nilikuwa naona viazi vidogo vyenye udongo, vingine vimekaushwa tayari kutwangwa unga, basi.

Ua lake nimeliona Machi iliyopita, tena kwa sababu ya aibu. Mama mkubwa alinunua unga uliokwisha kutwangwa, kwa muuzaji asiyemzoea, akaupikia wageni waliokuja kwa mambo ya mahari. Kawaida maji yanachemka na chumvi na pilipili, unatia unga wa kalanga, halafu unga wa kikanda, unakoroga bila kupumzika, mwisho soda kidogo. Zamani yalikuwa maji ya majivu. Soda ikiingia tu, mwiko unaanza kulemea mkono, uji unavutika, unajikusanya. Hapo unafunika sufuria, unaweka makaa ya moto juu ya kifuniko na mengine chini kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Siku ile soda iliingia, mwiko haukulemea hata kidogo zaidi. Tukaongeza soda. Uji ukabaki uji, sasa na ladha ya sabuni. Karibu wote ulikuwa unga wa muhogo. Wageni walikula kuku, na mama mkubwa akaapa: "Mara hii nitachimba mwenyewe, na wewe utanibebea."

Tukapanda gari la Kipushi, tukashukia njiani, tukatembea hadi dembo analolijua tangu usichana wake. Dembo ni bonde la nyasi lisilo na miti, mvua ikinyesha linajaa maji. Tulikuta mashimo. Mashimo madogo madogo kila upande, kama kuku mia wamepekua. Saa mbili za kuinama, viazi havikujaza kikombe.

Tulipopanda kilima cha mawe pembeni ili tule, ndipo nikauona mmoja umejibana kwenye ufa wa mwamba: majani mawili mapana yamelala chini, bua limesimama na maua ya waridi yaliyobanana. Mimi ni mshonaji, jicho langu linakwenda kwenye mshono. Kila ua lina kofia, na nyuma ya kofia inaning'inia mikia miwili myembamba, kama kamba za kufungia gauni la mtoto. Nilimtumia picha mtoto wa dada yangu anayesoma kilimo. Akajibu: okidi, jamaa ya Satyrium, hiyo mikia miwili ndiyo alama yake. Okidi! Yale maua ya kwenye plastiki, bei yake gauni zima. Akaongeza kwamba Disa na Habenaria nazo ni okidi, nazo huingia kwenye gunia hilohilo.

"Mama mkubwa, tuchimbe hiki?"

Akapiga jembe mara moja, likalia ngee! "Cha mawe hakichimbiki, mwanangu. Ungekikuta hapa kama kingechimbika?"

Chini kidogo, mwamba unapoishia, tulipata kingine, tukakitoa kwa kisu. Mzizini kulikuwa na viazi viwili. Kimoja kimekunjamana, laini kama zabibu kavu. Kingine kimejaa, kigumu. Mama mkubwa akaviweka kiganjani. "Huyu mzee, bua la mwaka huu limeshamnyonya. Huyu mtoto, ndiye bua la mwaka ujao." Mtoto akaingia kwenye mfuko. Mzee akatupwa.

"Sasa mwaka ujao hapa patatoka nini?"

Akajifanya anapangusa kisu.

Nikamuuliza yule kijana kama mbegu haziwezi kuziba pengo. Mbegu zake ni vumbi, akasema, hazina akiba ya chakula, hazioti bila kuvu fulani wa udongoni kuzilisha, na zikiota zinachukua miaka kufika kwenye ua. Tena akanikumbusha Tanzania: uwanda wa Kitulo, ulioitwa Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na viazi hivi vilivyochimbwa huko kupelekwa Zambia vilikuwa sehemu ya kilio kilicholeta hifadhi hiyo.

Yule mzee nilimwokota, nikamfunga kwenye kipande cha kitenge, nikampanda kwenye mkebe chini ya dirisha la kiwanda changu. Wiki mbili, ameoza.

Kikombe kile hakikutosha hata sufuria ndogo, kwa hiyo mama mkubwa amerudi sokoni. Ila sasa anakwenda na chupa ya chai yenye maji ya moto, kikombe, na soda kwenye karatasi. Anaomba kijiko kimoja cha unga, anakoroga palepale mbele ya watu. Wauzaji wengine wanacheka. Yule wa muhogo akimwona kwa mbali, anafunika gunia.