Zege lililong'oka kama kawa

Mwezi wa sita, kusi ikiwa kali, nilipigiwa simu alfajiri kutoka Mayungu. Nguzo ya turubai la kivuli niliyoisimamisha mwaka jana ilikuwa imelala mchangani. Nilijua nitakuta bolti zimekatika. Wapi! Bolti zote nne zilikuwa nzima, nati zimekaza vilevile, ila zimeng'oka pamoja na bonge la zege lenye umbo la kawa lililopinduliwa, chini jembamba, juu pana.

Nilikaa na bonge lile hadi jua likapanda. Msingi niliutia nondo, lakini wavu wa chini tu. Hapakuwa na chuma hata kimoja kilichokatiza pale zege lilipopasukia. Na zege ukilibana lina nguvu. Ukilivuta, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu.

"Fundi, si tutie bolti nene zaidi?" aliniuliza kijana wangu wa kazi. Mwanangu, bolti nene ingetoka na kawa lilelile.

Safari hii nimekunja nondo za milimita 12 mfano wa herufi U, nikazipindua, mgongo juu, miguu chini. Bolti imezama milimita 300. Ufa huanzia kichwa chake kule chini, hupanda kwa mshazari, na kutokea juu kama milimita 450 pembeni. Nondo ikikaa mbali hukutana na ufa karibu na uso wa zege, ambapo haina pa kushikilia. Ndiyo maana umbali wake kutoka kwenye bolti haufai kupita nusu ya kina cha bolti, yaani milimita 150. Zangu nimezisogeza hadi 60, na miguu yake nimeishusha chini sana kupita vichwa vya bolti. Msingi umekwenda mita nzima. Kila bolti ina miguu miwili, na mguu mmoja hubeba tani 5 hivi kabla ya kuanza kuvutika. Zege lenyewe silihesabii kitu katika kuvuta.

Mchanga wa ufuoni nimeukataa, na kila chuma nimekiachia milimita 50 za zege juu yake, kwa ajili ya chumvi.

Jana tumemwaga. Mama mwenye nyumba ana wageni wiki ijayo, anataka kivuli chake. Nimemwomba radhi, lakini turubai silifungi kabla ya siku 28.