Mbele wapi, mwanangu?

Ijumaa imepita na maneno ya Ami Salim bado yananikwaruza. Wiki hii hotelini wamepunguza watu, jina langu limesalimika alhamdulillahi, lakini kinachoninyima usingizi ni mkono mmoja wa poka, tena tuliocheza kwa komwe za bao, maana barazani kwetu pesa haziwekwi.

Poka yetu, kila mtu hupewa karata mbili zake, kisha tano za wote hufunguliwa mezani, tatu kwanza. Nilishika mabibi wawili. Ami, mnamjua asivyoweza kungoja, akasukuma komwe zake zote katikati kabla hata karata tatu za kwanza hazijafunguliwa. Nikamfuata. Tukafunua: yeye ana ree ya shupaza na mfalme wa kopa. Mezani zikashuka karata nne ndogondogo, zisizomsaidia yeyote. Ya tano ikawa mfalme.

"Ungetumia akili ungejua ree ni kubwa kuliko bibi," akasema huku anazoa.

"Ami, wakati tunaweka, mimi nilikuwa mbele."

"Mbele wapi, mwanangu? Komwe ziko kwangu."

Baraza zima likacheka. Nikanyamaza kwa heshima yake, na tangu hapo namjibu nikioga, nikipiga pasi, nikiwa kwenye tuktuk kwenda kazini. Mbele wapi? Mbele pale pale, Ami, kabla ya zile tatu! Karata zile mbili dhidi ya zako mbili, mabibi hushinda takriban mara 57 katika 100, na wewe 43. Jozi yangu ilikuwa imeshakamilika. Yako ilikuwa bado inatafutwa, hasa kwa ree tatu zilizobaki au wafalme watatu, karata sita. Katika tano zinazofunguliwa mezani, angalau moja kati ya hizo sita huonekana karibu nusu ya mara. Na hata ukiipata, pengine na mimi nimeshaletewa bibi wa tatu. Ndipo fungu lako, yaani sehemu yako ya ushindi kwa wastani, linaposhuka chini ya nusu. Hata ree na mfalme wangekuwa wote wa shupaza, lingepanda hadi kama 46 tu.

Jana usiku Rukia akanikuta na karatasi imejaa hesabu hizi. Akasoma, akauliza, "Kwani 43 ni kidogo?"

Basi moyo ukanifunguka pale pale. Si kidogo hata kidogo! Ami alichukua fungu ambalo lilikuwa lake tangu mwanzo, na langu lilikuwa kubwa kuliko lake, na yote mawili ni kweli kwa pamoja. Nikamwonyesha Rukia jozi ya ree, mkono bora kuliko yote wa kuanzia: ikikutana na jozi ya wafalme, bado hushindwa kama mara 18 katika 100. Tukiwa tisa barazani na wote wasitupe karata mpaka mwisho, ree hizo mbili hushinda karibu mara 35 tu. Mtoto akashika kichwa. Tukakaa tunagawa karata kitandani mpaka saa sita, yeye anakisia fungu la kila mkono kabla hatujafungua, na anakisia vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowajua. Ijumaa nikipewa mabibi wale tena na Ami akisukuma, nitamfuata tena.

Mama bado yuko Faza, kisiwani Pate. Kusi limekaza, boti hazisafiri kwa ratiba, na tangu juzi simu yake haipatikani.