Tulivyopata pa kuwaacha watoto wetu msimu wa korosho

Kuna dada kaniuliza kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili tulikianzishaje huku Newala, Mtwara, wakati watu wanawaficha ndani hata jirani hajui. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Kwanza mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kwa spika, wazazi wenye watoto walemavu wafike ofisini. Tulikuja wachache na wote tulikuwa tunajuana tayari. Mi sikushangaa, nani anataka aanikwe na spika? Nikaenda kwa bibi mmoja kungwi, anacheza wasichana unyago toka mimi mdogo, yani huyo ndo anajua kila nyumba, manake binti akifika umri wa kuchezwa asiletwe lazima bibi aulize kwanini. Tukawa tunatembea jioni, anapiga hodi yeye, anakaa, wanaongea mvua, wanaongea bei ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, mpaka chai inaisha, ndo anasema "na huyu mwenzio naye anae wa kwake". Hapo mtoto anatolewa ndani. Kuna mama alilia kwanza kabla hajasema neno.

Ila kilichowafanya warudi tena sio huruma wala semina, ni korosho. Kuanzia mwezi wa kumi korosho zinaanguka na hazisubiri, zikilala na mvua gredi inashuka, sasa mama mwenye mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe afanyeje? Amfungie ndani, amlaze chini ya mkorosho na siafu, au abaki nyumbani akose hela ya mwaka mzima. Wengi walikuwa wanafunga mlango na kwakweli siwalaumu. Kwahiyo tukapanga zamu: wawili wanabaki na watoto wote kwenye stoo ya zamani tuliyoazimwa, wengine wanaenda kuokota. Hela ya kuchangia hatukuitaka kabisa, manake malipo ya mnada wa korosho yanaingia benki kwa kuchelewa na ugomvi ungeanzia hapo. Mchango ni unga, mbaazi, mihogo, ulichonacho.

Kazi ilikuwa kuwafundisha wanaobaki zamu. Watoto wetu wengi wana kifafa pia na huku mtu akianguka watu wanakimbia, wanasema ukigusa mate unaambukizwa. Kifafa hakiambukizi. Tulimwomba nesi wa zahanati aje aseme yeye, sisi tungeonekana tunatetea watoto wetu tu. Akaonyesha: mlaze ubavu, toa vitu vya kumuumiza, usimwekee kijiko mdomoni, na ikizidi dakika 5 mpelekeni haraka. Lingine ni kulisha. Mtoto wa mtindio wa ubongo usimlishe amelala chali, uji unaenda kwenye mapafu anapata nimonia, mkalishe wima, uji uwe mzito kidogo, na usimharakishe hata kama una watoto sita wanasubiri. Fundi seremala wetu alitutengenezea viti vya kona, yani mgongo wake una pembe ya kumshikilia mtoto asianguke pembeni, vyenye mkanda na kimeza mbele, mbao tulitafuta wenyewe, na wangu sahivi anakula akiwa anaangalia wenzake, zamani alikuwa anaangalia dari tu.

Akina baba ni wagumu. Waliokuja walivutwa na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 2 ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii ndo anatusaidia na katiba ya kikundi tusajiliwe. Basi waje tu hata kwa sababu ya mkopo, mtu akishika zamu moja anaelewa mwenyewe.

Kinachotusumbua ni hawa waliokua, kijana wa miaka 16 mama yake hawezi tena kumbeba mpaka stoo, na mchanga wa huku unavyojua kiti cha magurudumu hakisogei. Tunajaribu bajaji ya mjumbe mmoja, asubuhi na jioni, tunachanga mafuta. Dada, kama uko Tandahimba anza kabla ya mwezi wa sita, wakishaanza kupulizia salfa hutawakuta nyumbani.