Nilivyofanikiwa kuwalisha watoto wa tenofora

Kiangazi kile nilikuwa pwani ya Massachusetts, Marekani, na kazi yangu maabara ilikuwa kukuza tenofora, mnyama wa baharini, aina ya Mnemiopsis leidyi. Ukimwona utadhani ni yavuyavu: mwili kama ute, mwangavu kama kioo. Ila huyu hawashi, na anaogelea kwa safu nane za vitana vya vinyweleo.

Wakubwa tuliwachota kwa bika, yaani kopo la maabara, maana kwenye wavu wanakatikakatika. Walitaga usiku, na kufikia usiku uliofuata mayai yalishaanguliwa: vitone vya chini ya nusu milimita, kila kimoja na minyiri yake miwili.

Makundi mawili ya kwanza yalikufa yote. Niliwapa artemia wachanga, jamii ya uduvi wadogo wa maji ya chumvi, chakula kilekile cha wakubwa. Siku niliyokaa kwenye hadubini muda mrefu ndipo nilipoona: artemia alinasa, akafurukuta, akaenda zake na kipande cha mnyiri. Iliniuma sana. Nilikuwa nawaletea mawindo makubwa kuliko wao!

Mnyiri wa tenofora haukamati kwa nguvu wala kwa sumu. Umetoa vitawi vyembamba, na vitawi hivyo vimejaa seli za gundi. Ni ulimbo, kama ule tuliotegea ndege utotoni. Na ulimbo wa chiriku haumshiki kanga.

Nikabadilisha, nikawapa rotifa, vijidudu vya majini ambao wengi hawafiki robo milimita. Hata hivyo siku ya kwanza hawakula. Nilikuwa natikisa bakuli kila nilipolisogeza, nao wakiguswa na msukosuko hurudisha minyiri ndani. Basi nikawa namwaga chakula polepole kwa pipeti pembeni mwa bakuli, kisha naondoa mikono kabisa.

Maji yalipotulia, mmoja akaachia minyiri yake ikashuka, mirefu mara nyingi kuliko mwili. Rotifa akapita, akagusa kitawi, akanata. Mnyiri ukajikunja, ukamvuta hadi karibu na mdomo, nao mdomo ukajipinda kumfuata, ukafunguka, ukammeza. Nikamwona tumboni, mwili wote ukiwa kama dirisha, bado anatikisika.

Wiki kadhaa baadaye wakaanza kuota yale mapande mawili mapana ya utu uzima, ambayo mkondo wa maji wenye chakula hupita katikati yake. Hapo ndipo nilipowarudishia artemia, kidogokidogo. Safari hii waliwala.