Meza Yangu ya Mihuri Texas na Karatasi ya Gugumaji ya Kisumu

Mtu wa Kisumu akisikia kwamba ninauza mihuri ya mpira hapa Texas, huniuliza kwanza ni ofisi zipi ninazozihudumia. Swali hilo ni la haki, kwa maana kwetu muhuri ni kitu cha chifu, cha mwalimu mkuu na cha mweka hazina wa chama, na ingawa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2020 iliziondolea kampuni za Kenya ulazima wa kuwa na lakiri, yaani muhuri rasmi wa kampuni, barua isiyogongwa muhuri bado hurudishwa dirishani. Mihuri yangu haina mamlaka yoyote. Ina maua, ndege, matawi, salamu za siku ya kuzaliwa na maneno ya pole kwa wafiwa, na wanaoinunua ni watu, wengi wao wanawake waliostaafu, wanaojitengenezea kadi nyumbani na kuwatumia wajukuu, majirani na waumini wenzao kwa njia ya posta.

Watu hawa wana maonyesho yao, ambayo hufanyika mwishoni mwa juma katika kumbi za mikutano au katika viwanja vinavyotumika pia kwa maonyesho ya kilimo. Muuzaji hulipia nafasi yake mapema, kwa kawaida futi 10 kwa 10, na hufika siku iliyotangulia kupanga meza na kusimamisha nyavu za chuma za kutundikia bidhaa. Milango ikifunguliwa asubuhi, wateja huingia wakivuta mabegi ya magurudumu, na wale waliozama katika kazi hii hubeba daftari lenye chapa ya kila muhuri walio nao, ili wasinunue tena kile ambacho tayari kimo kabatini. Ninawaheshimu sana watu wa madaftari. Ndio wanaouliza maswali ya maana, na ndio wanaorudi.

Jambo ambalo ndugu zetu nyumbani hawalielewi kwa urahisi ni kwamba wateja hao hawanunui kadi iliyokwisha kutengenezwa. Shangazi yangu, ambaye yumo katika kikundi cha akina mama wanaotengeneza karatasi kutokana na gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani, karibu na ufuo wa Dunga kule Kisumu, aliwahi kunipigia simu akiwa na fikira njema kabisa.

"Mwanangu, wageni wakija hapa wananunua kadi zetu hata bila kuulizia bei mara mbili. Mbona wewe uliye huko huko kwao huziweki mezani?"

"Shangazi, hao wanaokuja Dunga ni watalii, wanatafuta kumbukumbu ya safari. Hawa wangu wanataka kufanya kazi kwa mikono yao wenyewe. Kadi nzuri wataisifu, wataipiga picha na kuirudisha mezani. Nitumie karatasi tupu."

"Tupu kabisa? Bila hata ua moja?"

"Bila hata ua moja, shangazi."

Alinyamaza kidogo, kwa kuwa ua lile la majani ya migomba ndilo fahari ya kikundi chao, na nilielewa ugumu wa kumwambia fundi auze kazi yake kabla haijafika pale anapojivunia. Hata hivyo, nina hakika kwamba hapo ndipo ilipo biashara. Katika ukumbi uliojaa karatasi laini za viwandani zinazofanana, karatasi ya mkono yenye nyuzi zinazoonekana, iliyotokana na mmea unaowasumbua wavuvi wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990, haina mshindani wa karibu. Tena wapo wateja wanaoujua mmea huo, kwani asili yake ni Amerika ya Kusini na umeenea hata katika maji ya Texas. Bwana mmoja aliyekuwa amemsindikiza mkewe alisimama mezani kwangu muda mrefu akinieleza jinsi gugumaji linavyozuia mashua katika Ziwa Caddo, mpakani mwa Texas na Louisiana, na mkewe akaondoka na karatasi ambazo hakuwa amezikusudia.

Karatasi yenyewe, hata hivyo, ilihitaji kufundishwa kupokea wino. Mabua ya gugumaji hukatwakatwa, huchemshwa, hupondwa na kuchanganywa na karatasi chakavu, kisha rojo huchotwa kwa fremu yenye wavu na kuanikwa juani. Karatasi ya namna hiyo hunywa wino. Ukigonga muhuri kwa wino mwepesi wa rangi ya maji, mistari husambaa kufuata nyuzi, na jicho la ndege huwa doa. Wino mzito, ule ambao chembe zake za rangi hukaa juu badala ya kuzama, hutulia vizuri zaidi, na kwa sababu haukauki upesi, mtu hupata nafasi ya kunyunyizia unga maalumu juu ya chapa ingali mbichi, akakung'uta unaozidi, kisha akaupuliza kwa kifaa cha hewa moto mpaka uyeyuke na kuacha mchoro ulioinuka unaong'aa. Lakini wino mzuri peke yake hautoshi. Nilimwomba shangazi na wenzake waongeze wanga wa muhogo katika rojo, ili nyuzi zishikane na kupunguza unywaji, na wakaushie karatasi juu ya kioo ili upande mmoja uwe laini. Mafungu yaliyofuata yalikuwa na uso ambao hata herufi ndogo za salamu zinasomeka, na sifa hiyo ni yao, si yangu.

Kisha kulikuwa na suala la vipimo, ambalo naliona kuwa zito kuliko la uzuri. Sisi tumezoea A4. Ukiikata A4 katikati na kuikunja nusu moja, unapata kadi ya milimita 105 kwa 148. Marekani kadi ya kawaida hutokana na karatasi ya inchi 8.5 kwa 11, hivyo ikikatwa katikati na nusu moja kukunjwa huwa inchi 4.25 kwa 5.5, na bahasha yake inayouzwa kila duka ni takriban milimita 111 kwa 146. Kadi ya Kisumu inazidi bahasha hiyo kwa milimita mbili tu, na milimita mbili hizo zinatosha kumfanya mteja airudishe karatasi yako na kwenda meza ya jirani, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kuanza kutafuta bahasha za pekee kwa ajili ya kadi chache. Sasa fremu za kikundi zimetengenezwa upya kwa inchi, na fundi seremala wa Kibuye aliyezitengeneza alidai achorewe kila kona kwenye karatasi ya manila kabla ya kukubali.

Mezani, kinachouza ni mikono. Ninaweka karatasi, pedi mbili za wino na muhuri mmoja wenye mistari minene, nami nagonga kadi moja baada ya nyingine bila kumwita mtu. Mtu mmoja husimama, wa pili huchungulia begani kwake, na punde kunakuwa na kundi. Hapo ndipo ninapomkabidhi mmoja wao muhuri na kumwambia abonyeze moja kwa moja kutoka juu bila kuuyumbisha, kwani ukiyumba, ukingo wa mpira huchukua wino na kuacha alama isiyotakiwa. Mteja akishainua muhuri na kuona chapa yake safi, mara nyingi hauweki tena chini. Ninashauri kila mgeni katika biashara hii asikae kwenye kiti nyuma ya meza, hata akiwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, kama wengi wetu tuliohamia huku tunavyotoka.

Wengine huuliza kwa nini mihuri yangu ni ya mpira mwekundu wakati meza nyingi zina ile ya plastiki angavu inayobandikwa kwenye kipande cha kioo bandia. Ile angavu ina faida ya kumwezesha mtu kuona mahali anapogonga, nami siibezi. Mpira, ambao tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa na salfa hauyeyuki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi umekuwa ukitumika kwa mambo mengi, hushika wino vizuri na hauharibiki upesi. Unabanwa juu ya kalibu kwenye mashine yenye joto la takriban nyuzi 150 za Selsiasi, kwa dakika kadhaa, na kina cha mchongo kinachopatikana kinaifaa sana karatasi yenye nyuzi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Texas hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na miji huongeza yake hadi jumla ya asilimia 8.25 katika sehemu kama Dallas. Kodi hiyo huongezwa juu ya bei iliyoandikwa, tofauti na VAT yetu ya asilimia 16 ambayo mnunuzi wa Kisumu huikuta imo ndani ya bei, na muuzaji lazima awe na kibali cha jimbo kabla ya kuweka meza. Wateja wengi hulipa kwa kadi ya benki, lakini mtandao ndani ya kumbi hizo hukatika, kwa hiyo noti ndogo za chenji ni lazima.

Linalonishughulisha zaidi sasa ni michoro. Kijana mmoja wa Nyalenda amenichorea mashua yenye tanga, samaki aina ya ngege na mafunjo, na wateja walioonyeshwa karatasi za majaribio wameanza kuulizia. Wanunuzi wa mihuri hapa huuliza jambo ambalo kwetu halijazoeleka: je, naruhusiwa kuuza kadi nitakazogonga kwa mchoro huu? Kampuni nyingi ndogo za mihuri huchapisha ruhusa yao wazi, kwamba kadi iliyogongwa kwa mkono inaweza kuuzwa, ila mchoro usinakiliwe kwa mashine wala kutengenezewa muhuri mwingine. Nami nataka ruhusa ya aina hiyo itolewe na kijana mwenyewe, kwa maandishi, pamoja na fungu lake kwa kila muhuri utakaouzwa. Ameniambia kwamba ananiamini na kwamba hakuna haja ya karatasi kati ya watu wa mtaa mmoja. Nimemjibu kwamba mashua yake haitapelekwa kwenye mashine mpaka tutakapokuwa tumeandikiana, na shangazi amekubali kukaa naye kama shahidi.