Siku moja kazini Amboni: "Anti, volkano iko wapi?"

Saa 11:30 alfajiri
Tochi tatu zimejaa chaji, ya nne imegoma. Naiacha. Leo napokea wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Arusha, na mwalimu wao wa jiografia alishaniandikia tangu jana: "Dada, vijana wana hamu ya kujua habari za volkano." Nilicheka peke yangu. Mtoto anayeamka kila siku akiutazama Mlima Meru anapanda basi hadi Tanga kuulizia volkano! Ila ndiyo kazi yetu waongozaji wa Mapango ya Amboni. Mtu akisikia mapango, halafu akisikia pale jirani kuna maji ya moto yanayonuka kiberiti, moto wa chini ya ardhi anaujaza mwenyewe.

Saa 1 asubuhi
Chai na vitumbua, kisha bodaboda. Barabara ya Mombasa, kata kuelekea Kiomoni, vumbi, nimefika.

Saa 3 asubuhi
"Shikamoo anti!" Basi zima kwa pamoja. Marahaba, hamjambo. Kabla ya kuwasha tochi nawapa jiwe, lipite mkono kwa mkono. Ni jiwe la chokaa. Lilijengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, zama za dinosauri, kutokana na maganda na mabaki ya viumbe wa majini. Bahari ilipoondoka, mvua ikaingia kazini. Maji ya mvua hubeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya kwenye udongo, yakawa tindikali hafifu, na tindikali hiyo hula chokaa polepole kupitia nyufa. Hakuna mlipuko hata mmoja katika habari hii.

Binti wa mbele akanuna. "Kwa hiyo hakuna volkano?"

"Hapa hakuna. Mmeiacha kwenu."

Saa 4 asubuhi
Ndani, popo juu, vichwa chini. Tukifika penye giza zito, lazima mtu aidai hekaya ya mbwa: Wazungu wawili waliingia humu na mbwa wao wakapotea, baadaye mbwa akaonekana Kilimanjaro. Naipenda hadithi hii, lakini siimalizi bila kuichambua. Pango la namna hii linataka chokaa. Ukitoka hapa kwenda Moshi unakutana na Usambara, kisha Upare, milima ya miamba migumu ya kale, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo huko chini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, halafu ikanyanyuliwa ardhi ilipopasuka. Haikutemwa na volkano, wala maji hayaili kama yanavyokula chokaa. Na Kilimanjaro yenyewe ni rundo la lava na majivu. Huyo mbwa angepita wapi?

"Anti, si kuna mapango ya lava?" Kijana mrefu wa nyuma. Nikafurahi, maana swali hilo silipati kila siku. Yapo kweli. Mto wa lava ukitiririka, juu hupoa na kuganda huku ndani ukiendelea kwenda. Lava ikiisha kupita, inabaki njia tupu. Kenya, kwenye vilima vya Chyulu, lipo pango la aina hiyo liitwalo Leviathan, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 11. Lakini pango la lava huishia pale lava ilipoishia, na lava ya Kilimanjaro haikufika Tanga. Kijana akakubali, shingo upande.

Saa 6 mchana
Chini ya mti, wali maharage na machungwa ya Muheza. Hapa ndipo darasa lenyewe.

Wengi wanadhani chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Sivyo. Chini ya ukoko wa dunia miamba ina joto kali, lakini kwa sehemu kubwa ni migumu, kwa sababu uzito wa juu unaikandamiza isiyeyuke. Kwetu Afrika Mashariki bara linavutwa pande mbili kwenye Bonde la Ufa, milimita chache tu kwa mwaka. Ukoko unakuwa mwembamba, miamba ya chini inapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu ya miamba hiyo inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Hiyo ndiyo magma. Ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, basi inapanda. Indonesia njia ni nyingine: bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ukoko wa dunia, linazama chini ya jingine, na maji linayobeba ndiyo yanayosaidia miamba kuyeyuka.

Na kwa nini mlima mmoja unamwaga na mwingine unalipuka? Nikawauliza nani amewahi kusonga ugali. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapasuka taratibu. Ugali ukiwa mzito unaruka na kukuunguza mkono. Magma yenye silika nyingi, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, ni nzito kama ugali, inabana gesi mpaka ishindwe. Yenye silika kidogo inatiririka, na hiyo nayo si ya kuchezea: Nyiragongo, volkano ya Kongo, ilishusha lava hadi ndani ya mji wa Goma Januari 2002, na ikamwaga tena Mei 2021. Maeneo yale pia kuna mazuku, mabonde madogo ambamo kaboni dayoksaidi hutuama, haionekani wala hainuki, na mbuzi akishuka hapandi.

Oldoinyo Lengai, mlima jirani na kwao wanafunzi hawa, ndiyo maajabu. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava nyingine nyingi huvuka 1,000. Inatoka nyeusi, inakimbia kama maji, kisha unyevu wa hewa unaigeuza nyeupe. Lakini Septemba 2007 mlima huohuo ulianza kurusha majivu juu angani, ukaendelea hadi 2008.

Nikagusia na maji. Miamba ya volkano ya upande wa Meru hutia floridi nyingi kwenye chemchemi, nayo hugeuza meno kuwa kahawia. Nilikuwa nalizunguka hilo kwa adabu, mwalimu akanikatiza kwa kucheka na kuwaonyesha wanafunzi meno yake. "Mimi mtoto wa mlimani, dada. Kahawa na ndizi ulitupa, na haya pia ni yake."

Saa 8 mchana
Chemchemi za Galanos, yale maji ya moto yanayonuka kiberiti. Pua zimezibwa. Maji ya moto si lazima yawe na magma chini yake. Kila kilomita unayoshuka, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi, kwa hiyo maji yakizama vya kutosha na kupata ufa wa kupandia, yanarudi na joto lake.

Saa 10 jioni
Basi limeondoka. Kufagia maganda ya machungwa, kujaza daftari la wageni.

Saa 2 usiku
Jirani yangu, bibi mwenye asili ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro, anasugua visigino barazani kwa jiwe lenye matundu. Ninamwambia jiwe lake ni povu la lava lililoganda na gesi ndani, ndiyo maana linaelea. Baada ya Krakatoa kulipuka mwaka 1883, mawe kama hayo yalivuka Bahari ya Hindi yakielea hadi pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. "We mwanangu unajua mambo," anasema, halafu ananigeukia: "Na Karthala je?"

Karthala, volkano ya kisiwani kwao, anaijua kuliko mimi. Ngazidja haina mito, mvua inazama kwenye mawe ya volkano, na watu wengi hutegemea matangi ya maji ya mvua. Mwaka 2005 majivu yaliyachafua matangi hayo, watu wakahangaika na maji ya kunywa. Kwa maoni yangu hilo ndilo husahaulika volkano zinapotajwa: picha zote ni za moto, taabu inabaki kwenye ndoo. Sisi tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka pale, nikamwambia, lava haiji. Akajibu kwamba swali lake halikuwa la Tanga, akaomba nimpigie simu mdogo wake Moroni, maana salio lake limeisha.