Kijiti cha Babu

Novemba ya mwaka 2009 nilipata kibarua cha siku tatu katika Mto Kilombero: kupika na kutafsiri. Wageni walikuwa wawili, mzee wa Afrika Kusini na binti yake, waliokuja kuvua kwa mshipi. Mitumbwi ilikuwa miwili, bila injini. Tungeingia majini mbali juu ya Ifakara, tuuachie mkondo utuchukue huku wageni wakirusha ndoano zao, tulale michangani usiku wa kwanza na wa pili, kisha siku ya tatu tutokee Kivukoni. Enzi hizo daraja lilikuwa halijajengwa, magari yakivuka kwa pantoni.

Kiongozi wetu alikuwa Babu. Ndivyo kila mtu alivyomwita, nami sitaandika jina jingine. Alikuwa Mndamba, mvuvi tangu utotoni, na upondo wake, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ulikuwa umelainika pale anaposhika mpaka unang'aa. Mtumbwi wa pili aliuongoza mpwa wake.

Mimi ni mtoto wa Kilwa na baba yangu alikuwa mvuvi, kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu wa maji. Lakini maji niliyoyajua yana miadi. Kuna bamvua, maji makubwa, na kuna maji mafu, yasiyojaa sana. Yakijaa leo saa fulani, kesho yatachelewa kidogo, na hata mtoto wa miaka kumi anaweza kukwambia mtumbwi utaelea saa ngapi. Nilifika Kilombero na elimu hiyo nikidhani inatosha.

Mchana wa kwanza ulikuwa mzuri mno. Sheshe, wanyama wa jamii ya swala, walitutazama kutoka kwenye nyasi, masikio yamesimama, na ndege walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Tulipokaribia kona yenye kina, Babu aligonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo, ko, ko, ko, akasubiri. Vichwa vya viboko vikaibuka kimoja kimoja upande wa kulia, naye akatupitisha kushoto, karibu kabisa na matete. "Kiboko hapendi kushtukizwa," aliniambia. "Bisha hodi, atakuonyesha alipo."

Jioni, yapata saa kumi, mshipi wa yule binti ulivutwa kwa nguvu hata mtumbwi ukageuza kichwa. Samaki akaruka juu ya maji mara mbili. Alipofikishwa ubavuni niliweza kumtazama kwa karibu: mwili wa fedha wenye mistari myeusi, mkia mwekundu kama machungwa yaliyoiva, na meno ambayo hayafichiki hata akifumba mdomo, ya juu yanaingia katikati ya ya chini kama zipu. Ndiyo maana karibu na ndoano walifunga kipande cha waya, maana nailoni tupu angeikata kama uzi. Wageni walimwita taiga, kwa Kiingereza chao "tigerfish". Yule mzee akanieleza kwa furaha kubwa kwamba wa kwao, wa Zambezi, ni ndugu tu wa huyu. Huyu wa Rufiji na Ruvu wataalamu walimtambua kuwa ni aina yake peke yake mwaka 1986, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Tanzania. Nilimtafsiria Babu. Babu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za mwanawe kutoka kwa jirani.

Kisha wakamwachia. Binti alimshika mkia, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo na kumtuliza hapo mpaka samaki mwenyewe akajichomoa. Moyo uliniuma. Kwetu mtu harudishi samaki, hasa mkubwa namna ile. Babu aliuona uso wangu. "Tumbo lake hukuliona? Jike huyo, na mvua ziko karibu. Mwache akazae."

Tulipiga kambi kwenye mchanga mpana. Babu aliuzunguka wote kwanza akitafuta nyayo za viboko na mikwaruzo ya mamba, ndipo akaruhusu mahema. Mimi nikapanga mafiga, nikapika wali wa mchele wa Ifakara na kubanika perege wawili. Nilipoinua macho nilimwona Babu amechuchumaa ukingoni, ameokota jani majini na kuligeuzageuza. Lilikuwa jani bichi. Akakata kijiti cha tete chenye urefu wa shubiri mbili hivi, akakichomeka pale maji yalipogusana na mchanga, akakipima kwa vidole.

"Kijana," akasema, "ukiamka usiku, hata kwa haja ndogo, angalia kijiti kwanza. Mengine baadaye."

Tukagawana zamu. Yeye mpaka saa sita, mimi mpaka saa tisa, mpwa wake mpaka kupambazuke. Babu alipolala hakuvua ndala. Niliona hivyo nikadhani ni uzee.

Nilikaa kando ya moto. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota, upepo hakuna, wingu hakuna, mto umenyamaza. Mara mbili nilimulika kijiti kwa tochi na mara mbili nilikikuta palepale. Nikajiambia kwamba usiku mkavu kama huu hauwezi kuleta jambo. Nikalala.

Kilichoniamsha ni mkono wa Babu begani, na sauti ya makaa yakilia chiii. Maji yalikuwa yamefika jikoni.

"Kijiti kiko wapi?" akauliza.

Hakupaza sauti. Mpaka leo, katika maswali yote niliyoulizwa na wakubwa zangu, hilo ndilo lililonikaa. Nilimulika: maji matupu, yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanapita na povu na vijiti. Mtumbwi mmoja haukuwepo. Ndiyo uliobeba gunia la mchele, masufuria na sanduku la vifaa vya wageni.

Tuliwaamsha wageni. Mahema yaling'olewa yakiwa yamejaa vitu, tukayaburuta hadi kwenye mgongo wa mchanga karibu na matete, na yule binti akabeba viatu vya baba yake mdomoni kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa. Hakuna aliyeumia. Tulikaa pale tumejifunika mablanketi hadi alfajiri, na mimi sikuweza kumtazama mtu.

Kulipokucha mpwa alishuka na mtumbwi uliobaki, akaukuta mwingine kona ya pili, umekwama kwenye matete, mchele umelowa nusu. Babu akanikalisha ukingoni. Akanionyesha safu ya Udzungwa, ya buluu kwa mbali, kisha akageukia kule maji yanakotoka. "Mvua haikunyesha hapa. Imenyesha huko." Ruhudji unateremka kutoka Njombe, ukikutana na Mnyera ndio unapatikana Kilombero, na njiani vijito vya milimani vinaendelea kuingia. Baadaye nilisoma kwamba karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili, nikakumbuka jinsi yale makaa yalivyolia. Jani kavu huelea siku zote, Babu alisema. Jani bichi limeng'olewa na mvua ya jana, na maji yaliyoling'oa yako nyuma yake, yanakuja.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Umeomba. Sasa chota maji ya chai, yaache yatulie kwanza."

Usiku wa pili tulilala mchanga wa juu zaidi. Nilikata kijiti mwenyewe, nikakichomeka, na hatua moja nyuma yake nikachomeka cha pili. Zamu ilipofika sikuketi. Nilitembea kutoka motoni hadi majini na kurudi, kutoka motoni hadi majini na kurudi, hadi mchanga ukafanya njia. Saa nane na kitu Babu alitoka, akapita karibu nami bila neno, akachuchumaa kwenye vile vijiti. Maji yalikuwa yamepungua vidole viwili. Alikaa hapo kidogo, akarudi, na kwa mwanga wa moto nilimwona akivua ndala zake, akazikung'uta mchanga, akaziweka chini ya kichwa na kulala.